Mgeni wetu asiogopeshwe kwa jina la nyumba yetu

Barua ya wazi kwa wakuu wa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, Tume ya Ushindani (FCC) ya Tanzania Bara, na Kamisheni ya Utalii Zanzibar

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum, na nyote nawasalimu kwa heshima.

Mama yangu na mimi tunaendesha nyumba ya wageni Jambiani. Ina vyumba saba. Nyuma ya meza ya mapokezi tumepigilia ubao wenye misumari saba, kila msumari na ufunguo wake. Anayeingia akiutazama tu ubao ule anajua nyumba ina watu wangapi.

Masika yaliyopita alitufikia muuguzi kutoka Dar es Salaam. Aliteremka kwenye daladala alasiri, mvua inanyesha, mkoba ameukumbatia kifuani usilowe. Mama akampa taulo na chai ya tangawizi, mimi nikafungua kitabu cha wageni. Nilipoinua kichwa kumwomba kitambulisho nikamkuta anautazama ubao. Funguo zote saba zilikuwa zinaning'inia.

"Kaka, wageni wengine wametoka?"

"Hakuna wengine, dada. Wiki hii uko peke yako."

Akanyamaza. Kisha akatoa simu, akanionyesha picha ya skrini aliyoihifadhi siku aliyobuku chumba kwetu kupitia tovuti ya kuuza vyumba vya hoteli. Juu kuna baraza yetu, na mkeka aliousuka mama unaonekana vizuri kabisa. Chini yake, kwa herufi nyekundu: kimebaki chumba 1 tu. Chini tena: watu 12 wanatazama nyumba hii sasa hivi. Pembeni kuna saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma, imefika dakika 7 na sekunde 41.

Alikuwa zamu ya usiku wodini, saa tano, ndiyo dakika aliyopata ya kukaa chini. Yeye na mumewe walipanga kuja kutimiza miaka kumi ya ndoa, lakini likizo ya mume ilikuwa bado haijaidhinishwa. Alitaka asubiri mpaka asubuhi ampigie. Saa ile ndogo ikamwambia asubuhi chumba hakitakuwepo. Akalipa shilingi 390,000 za siku tatu, kwa ile bei isiyorudishwa, kwa sababu ndiyo iliyowekwa juu na kupakwa rangi. Siku mbili baadaye mume akaambiwa likizo yake imesogezwa. Ndiyo maana alikuja peke yake, wiki ya mvua, kwenye nyumba yenye vyumba sita vitupu.

Mama alimwambia arudi na mumewe mwezi wowote watakaoupata, wakae siku tatu, hatutawadai kitu. Hilo tuliliweza, na mpaka leo naona lilikuwa wajibu wetu. Ila kamisheni ya tovuti ilikwisha kukatwa kama kawaida. Na alipoondoka aliandika maoni yake kwenye ukurasa wetu: wenyeji wema, chakula kizuri, lakini walinidanganya kwamba kumejaa.

Walinidanganya. Neno hilo lipo pale, chini ya picha ya baraza ya mama yangu, na kila mtu anaweza kulisoma. Kwa kweli hilo ndilo lililonikalisha niandike barua hii.

Naomba niwaeleze inavyokwenda, kwa sababu huenda mnaiona tovuti kwa upande wa msafiri tu. Sisi wenye nyumba tuna ukurasa wa ndani ambako tunaandika ni vyumba vingapi tunaipa tovuti kwa kila tarehe. Mimi huwapa kimoja au viwili. Vinavyobaki nawawekea wanaopiga simu, madereva wanaoleta wageni kutoka Nungwi, na jamaa. Kwa hiyo siku ile tovuti ilikuwa na chumba kimoja changu, na ikaandika kimebaki kimoja. Wakili wao atasema wameandika kweli. Kwao kilibaki kimoja, sawa. Lakini msafiri anasoma nini? Anasoma kwamba nyumba inajaa. Hakuna anayesoma vinginevyo, na aliyeichagua rangi ile nyekundu anajua hivyo.

Kuhusu wale watu 12: usiku mmoja wa mvua hizohizo nilifungua ukurasa wetu kama mgeni. Nikaambiwa watu 8 wanautazama. Nikarudi ukurasa wa ndani, ambako tovuti hiyohiyo inanihesabia umefunguliwa mara ngapi. Tangu asubuhi, mara 5, na mojawapo ni mimi. Nikaandika kuuliza. Jibu lilikuja kwa Kiingereza, la kunishukuru kwa ushirikiano wangu, na swali langu halikuguswa.

Nilidhani labda nimekosea hesabu, mpaka niliposoma yaliyotokea kwingine. Mwaka 2019 mtafiti wa usalama wa mitandao, Ophir Harpaz, aliuchungulia msimbo wa OneTravel, tovuti ya kuuza tiketi za ndege. Ilikuwa inawaambia wanunuzi kwamba watu kadhaa wanaitazama safari hiyohiyo. Akakuta hakuna anayehesabiwa. Kompyuta ya mnunuzi mwenyewe ilikuwa inajichagulia namba yoyote kati ya 28 na 45 na kuiandika.

Waheshimiwa, sisi hatukuzaliwa na intaneti, lakini kuuza kwa kelele tunakujua. Nendeni diko lolote la pwani hii wakati ngalawa zinaingia. Dalali anapiga kelele, anaharakisha, anakuita jina lako mbele za watu ili uone haya kurudi nyuma. Hata hivyo samaki yuko mchangani mbele yako, unaweza kumfunua shavu uone wekundu. Dalali akisema fulani amefika elfu arobaini, unageuza shingo na fulani yupo, amesimama na kapu lake. Siku dalali akimtaja mtu asiyekuwepo, mnada mzima unamjua, na kesho yake samaki wa wavuvi hawapiti mkononi mwake.

Na tuliosoma madrasa tunalijua jina lake. Ni najshi: mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili mnunuzi wa kweli aingie hofu na kulipa zaidi. Mtume (S.A.W.) aliikataza. Mwalimu wetu alitufundisha kwa mfano wa ngamia, tukacheka, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kununua ngamia. Leo wale wanunuzi wa uongo 12 wanasimama usiku kucha mbele ya nyumba yangu, na sikuwaita mimi.

Msinielewe vibaya. Tovuti hizi zimetuletea wageni ambao tusingewapata kamwe, watu wa Poland na Afrika Kusini, na pia Watanzania kutoka Mwanza na Mbeya. Kabla yake tulikuwa tunawategemea wakala wawili wa mjini, na wao walikuwa na yao. Kamisheni nailipa bila kinyongo, kwa sababu ni malipo ya kazi. Na wakati mwingine haraka ni ya kweli. Agosti nyumba hujaa, na mtu akiambiwa kimebaki chumba kimoja anasaidiwa. Lakini Agosti iliyopita familia moja ya Arusha ilisoma onyo hilo, wakacheka, wakasema tovuti hizi ndivyo zilivyo, wakangoja siku tatu. Safari hiyo ilikuwa kweli, chumba kikaenda. Baba wa familia alinipigia, sauti imemwishia, nami sikuwa na la kumpa. Onyo lililotumika masika kutisha watu ndilo lilelile tulilolihitaji Agosti, na halikuwa na nguvu tena.

Sasa bei. Kuna kitu tovuti inaniletea kila wiki, inakiita pendekezo. Weka punguzo la asilimia 20 nyumba yako ionekane. Kisha hatua inayofuata inanionyesha namna ya kupandisha kwanza bei ya msingi. Nilimsomea mama. Akaniuliza, "Hii bei ya juu iliyokatwa mstari, tumewahi kumtoza nani?" Nikafikiri. Wiki ya mwisho ya Desemba, chumba kikubwa, watu wanne. Basi hiyo ndiyo ingewekwa mstari juu yake mwezi wa Mei, chumba kidogo, mtu mmoja, ili mgeni aone ameokoa. Mama akasema hapana. Tangu hapo tumeshuka hadi ukurasa wa tatu wa matokeo.

Njia ya kurudi juu tumeonyeshwa: kuongeza kamisheni kutoka asilimia 15 hadi 18. Kwa chumba cha 130,000 ni tofauti ya shilingi 3,900 kwa usiku. Kwa nyumba ya vyumba saba huo ni mshahara wa mtu wa kufua mashuka. Msafiri naye haambiwi kwamba nyumba za juu zimelipa ili ziwe juu. Anaona tu neno "zilizopendekezwa" na anadhani zimependekezwa na watu waliolala humo.

Haya yote yamekwisha kushughulikiwa mahali pengine, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mamlaka ya ushindani na masoko ya Uingereza, CMA, ilianza kuzichunguza tovuti za hoteli mwaka 2017. Februari 2019 ikatangaza kwamba tovuti sita, yaani Expedia, Booking.com, Agoda, Hotels.com, ebookers na trivago, zimetoa ahadi rasmi za kubadilika, zikapewa hadi tarehe 1 Septemba mwaka huo. CMA haikusema kila moja ilifanya kila kosa. Lakini someni kilichoahidiwa, ni kama waliandika wakiwa wamekaa kwenye baraza yetu. Ukisema watu wengine wanaitazama hoteli hii, useme pia kwamba huenda wanatafuta tarehe tofauti. Usichomeke hoteli zilizojaa katikati ya matokeo kumtia mtu hofu. Usilinganishe bei ya wikiendi na ya siku za kazi, wala chumba cha kifahari na cha kawaida, kisha ukaita tofauti hiyo punguzo. Sema kama malipo yameathiri mpangilio. Onyesha gharama zote za lazima.

Desemba mwaka huohuo Booking.com iliahidi mbele ya Tume ya Ulaya kwamba ifikapo tarehe 16 Juni 2020, inaposema chumba cha mwisho itaeleza wazi kwamba ni cha mwisho kwenye tovuti yake. Na haitasema ofa ina muda maalumu ikiwa muda ukiisha bei inabaki ileile. Aprili 2020 mamlaka ya ushindani ya Hungary iliitoza kampuni hiyo faini ya forinti bilioni 2.5, kwa kuwashinikiza wateja na kuwapotosha kuhusu kughairi bure. Australia, mahakama iliiamuru trivago mwaka 2022 ilipe dola za huko milioni 44.7, kwa kuwaaminisha watu kwamba inawaonyesha bei rahisi kumbe ilizipa nafasi ya juu tovuti zilizoilipa zaidi kwa kila mbofyo. India, ambayo kwa hali ya watu wake iko karibu zaidi nasi, ilitoa mwongozo mwishoni mwa 2023 na kuzitaja kwa majina mbinu 13 zilizokatazwa, haraka ya uongo ikiwa ya kwanza. Marekani, tangu Mei 2025, anayetangaza bei ya malazi ya muda mfupi anatakiwa aonyeshe jumla pamoja na tozo zote za lazima tangu mwanzo.

Kwa hiyo kazi ya kuandika tovuti isiyotisha watu inawezekana, na baadhi yao wameahidi kuifanya. Wanaijua. Mtu wa Budapest, Hungary, analindwa na muuguzi wa Dar es Salaam halindwi, ingawa wote wawili wanatazama chumba kilekile, cha nyumba ileile, ya Jambiani. Mimi siwezi kulikubali hilo, na naamini nanyi mkilifikiri hamlikubali.

Sheria tunazo. Bara kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo katika biashara. Zanzibar tuna yetu ya mwaka 2018 ya ushindani halali na ya kumlinda mtumiaji. Majirani zetu Kenya wamekwenda hadi kuiweka haki ya mtumiaji kwenye Katiba, Ibara ya 46. Hakuna sehemu inayosema uongo ukiwa kwenye kioo cha simu si uongo. Najua mtaniambia kampuni hizi ofisi zao ziko nje. Lakini chumba kiko hapa, kodi inalipwa hapa, mgeni analala hapa, na kila nyumba inayouzwa kwenye tovuti hizo inapaswa kuwa imesajiliwa na Kamisheni ya Utalii. Mlango mnao.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza mziandikie tovuti zinazouza vyumba vya Tanzania mkizitaka zitekeleze hapa ahadi walizokwisha kutoa Ulaya, neno kwa neno. Hili halihitaji sheria mpya wala bajeti. Nikiwa na uhakika wa jambo moja tu katika barua nzima, ni kwamba barua kutoka kwenu itajibiwa tofauti na yangu.

Pili, bei. Mgeni aone jumla mwanzoni. Tozo ya miundombinu na malipo mengine ya kila usiku visimkute mlangoni kwangu, mimi nikaonekana namwongezea. Kila wiki nabishana na mtu kuhusu hilo, na kila mara yeye ndiye mwenye haki, kwa sababu kiasi alichobofya si kiasi ninachomdai. Tukifika hapo, tazameni pia tiketi za ndege, zile zinazouzwa bima ikiwa imeshawekwa alama ya vyema, mtu asipoiona ameinunua. Ulaya walilikataza hilo tangu kanuni yao ya 2008 ya huduma za anga.

Tatu, na hili sijaliona likiombwa popote: mwenye nyumba apewe haki ya kuyakataa maneno yanayobandikwa juu ya nyumba yake. Nikiweka picha ya chumba naulizwa kama ni ya kweli, na nikidanganya ukubwa wa kitanda nafungiwa. Lakini tovuti inaweza kuandika chochote juu ya baraza yangu kuhusu nani anaitazama na lini itajaa, bila kuniuliza, na lawama ikaandikwa kwa jina langu. Nataka kitufe kimoja tu kwenye ukurasa wa ndani cha kuyazima yale maneno mekundu, na nikikibofya nisiadhibiwe kwa kushushwa kwenye matokeo.

Mwisho, wekeni namba ya simu. Mtu aliyebanwa hivi apige, aeleze kwa Kiswahili, apewe namba ya lalamiko lake. Yule muuguzi aliniuliza ashitaki wapi, nikashindwa kumjibu. Mimi niko kwenye biashara hii mwaka wa tisa.

Na nyinyi mnaotengeneza kurasa hizi, maana wengine wenu ni vijana wetu, mmeajiriwa Nairobi na Dar es Salaam kujenga tovuti za tiketi za mabasi, boti na hoteli za hapa nyumbani, na nimeona mmeanza kunakili saa ile ya kurudi nyuma. Ikiwa viti vimebaki viwili, andikeni viwili. Ikiwa hamjui, acheni nafasi tupu. Anayeisoma ni mama yenu akitafuta basi la kwenda msibani.

Waheshimiwa, tangu siku ile nimehifadhi picha za skrini 64 za ukurasa wetu, kila moja ina tarehe na saa, na kando yake nimepiga picha ya ubao wa funguo kwa wakati huohuo. Kuna siku imeandikwa kimebaki kimoja na funguo tano zinaning'inia. Kuna siku ya Agosti imeandikwa hivyohivyo na msumari mtupu kila mahali isipokuwa mmoja. Zote nimezichapisha na kuzitia kwenye faili. Naomba mnijulishe niipeleke ofisi ipi na nimwone nani, nitakuja siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Wenu,
mwenye nyumba ya wageni, Jambiani, Kusini Unguja